Mama Bolti wa Ng'ambo ya Barabara

Nilianza kumwonea wivu Mama Bolti siku ile ile niliyofungua gereji yangu. Nilikuwa nimetundika bango jipya, nimefagia uwanja, na diploma yangu ya ufundi nimeiweka ndani ya fremu ukutani mahali ambapo kila mteja angeiona. Saa tatu asubuhi gari la kwanza likaingia. Lilikuwa gari la kizamani la Kijerumani, rangi ya samawati, limetunzwa vizuri mpaka unaweza kujitazama usoni kwenye mlango wake. Nikatoka haraka nikijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Mwenye gari akateremsha kioo.

"Fundi, naweza kuegesha hapa dakika tano? Namtafuta Mama Bolti."

Akavuka barabara, bolti moja kuukuu mkononi, akaingia kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa kinatazamana na lango langu. Alikaa huko karibu saa nzima. Mimi nilisimama kando ya gari la mtu mwingine, kwenye uwanja wangu mwenyewe, kama askari wa kulinda.

Gereji yangu iko kando ya barabara inayotoka mjini Eldoret kwenda Kapsoya. Nilipapenda pale kwa sababu magari yanapita kutwa. Hakuna aliyeniambia kwamba yale ya kizamani yanapita kwa sababu ya mama mmoja anayeuza bolti za tairi.

Magari mengi ya siku hizi tairi zake hushikwa na nati. Lakini yale ya zamani ya Ulaya hushikwa na bolti zinazopita kwenye tundu la rimu na kuingia ndani kabisa. Mtu asiyejua anadhani bolti ni bolti. Kuna unene wake, kuna nyuzi zake, yaani mistari inayoizunguka, ambazo zaweza kuwa za karibu karibu au za kuachana, na kuna urefu. Ikiwa fupi inashika nyuzi chache tu, ikiwa ndefu inagusa breki kwa ndani. Kisha kuna shingo, pale kichwa kinapokutana na rimu. Nyingine zina shingo ya mviringo, na Mama Bolti aliziita za yai. Nyingine zina shingo iliyochongoka kama mdomo wa mrija wa kumiminia mafuta, naye aliziita za funeli. Vitabu vyangu vya chuo vilikuwa na majina marefu zaidi, lakini mwishowe hata mimi nilijikuta nikisema yai na funeli, na kila nilipoyatamka nilichukia kwamba ni maneno yake.

Alikuwa mama mnene kiasi, mwenye kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau na sweta alizofuma mwenyewe. Eldoret kuna baridi, na kibanda chake hakikuwa na mlango, kwa hiyo mwaka mzima alivaa sweta mbili, ya ndani ikichungulia shingoni. Mikono yake haikutulia. Mteja asipokuwepo alifuma. Akiwepo aliweka sindano za kufumia mapajani na kunyoosha kiganja. Hakuuliza jina la gari.

"Gari iko na majina mingi," alikuwa akisema. "Niletee bolti ya zamani, na kama rimu ni mpya, niletee rimu pia."

Akishapewa, aliangalia pembeni, mara nyingi barabarani, huku kidole gumba kikizunguka shingoni mwa ile bolti. Kisha aliingiza mkono kwenye mojawapo ya makopo ya mafuta ya kupikia yaliyojaa rafu zake, akatoa bolti nyingine, akaziweka mbili kichwa kwa mkia ili nyuzi zilalane. Zikilalana bila mwanga kupenya katikati, aliitikia kwa kichwa. Ndiyo kazi yenyewe. Nami niliyesoma miaka mitatu nilihitaji kipimo cha chuma, karatasi na kalamu.

Hakuwa mpole. Watu humsifu leo kana kwamba alikuwa malaika, lakini mimi nilikuwa jirani yake. Alifokea wateja. Aliwahi kumfukuza mtu mmoja mkubwa, aliyekuja na dereva na suti, kwa sababu alitaka bolti nne na Mama alikuwa na tatu za aina moja.

"Nipe hiyo nyingine inayofanana," mtu akasema. "Ni moja tu."

"Tatu na moja sio nne," Mama akamjibu. "Enda Nakuru, huko watakuuzia. Ukifika salama, uniletee salamu."

Yule mtu aliondoka amekasirika, na wiki iliyofuata akarudi. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi niliwabembeleza wateja, niliwapa chai, niliwafungulia milango, na hawakurudi. Yeye aliwatukana wakarudi na jamaa zao.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakujua kuendesha gari. Hakuwahi hata kukaa kwenye kiti cha dereva. Aliyaogopa magari. Akitaka kuvuka barabara alingoja mpaka pande zote mbili ziwe tupu kabisa, akashika sketi yake, akavuka upesi akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekwepa mvua. Kwa hiyo alivuka mara chache sana. Katika miaka yote hiyo, nikikumbuka vizuri, alivuka kuja kwangu mara tatu. Mara mbili alikuja kuomba moto wa jiko. Ile ya tatu nitaieleza.

Nilijaribu kushindana naye. Niliagiza bolti Nairobi, nikanunua kabati la plastiki lenye droo ndogo ndogo, kila droo na karatasi yake iliyochapwa. Likawa zuri sana. Wateja walilisifu, halafu wakavuka barabara. Siku moja Mama alikuwa amekwenda kununua parachichi la kulia chapati yake ya saa nne, nami nikaingia kibandani mwake nione siri ni nini. Makopo hayakuwa na maandishi yoyote. Kila kopo lilifungwa kipande cha uzi wa sufi, mengine mwekundu, mengine wa kijani, mengine nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Nilikuwa nimetumbukiza mkono kwenye kopo moja niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unatafuta nini, Fundi?"

"Nilikuwa naangalia tu, Mama."

"Basi angalia. Macho haimalizi bolti."

Akaketi, akakata parachichi, akanipa nusu. Nililila nikiwa nimesimama, nikatamani linikwame.

Mke wangu alimpenda. Alasiri alikuwa akivuka kwenda kunywa chai naye, na walipokuwa wakicheka niliacha nilichokuwa nikifanya ili nisikilize kama wananicheka mimi. Jioni nilimuuliza walikuwa wakiongea nini. "Mambo ya kufuma," alisema. Sikuamini. Hata hivyo watoto wangu wote watatu walienda shule wamevaa sweta za Mama Bolti, na sikuwa na ujasiri wa kuwavua.

Lakini aliyeniumiza kuliko wote ni baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu, akiishi nje ya mji, karibu na Plateau. Alikuwa na gari la Kijerumani la rangi ya maziwa, ambalo alilinunua likiwa limeshazeeka na akazeeka nalo. Mara moja kwa mwezi alikuja mjini. Aliegesha kwangu, akanisalimia, akauliza, "Kazi inaendelea?" Nami nikasema, "Inaendelea, Baba." Tukasimama. Akatazama paa la gereji, akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Wacha nimsalimie Mama," akavuka. Huko alikaa hata saa nzima. Nilimwona akiongea, akinyoosha mikono, akiegemea mbele. Sikujua kwamba baba yangu ana maneno mengi namna hiyo.

Dada yangu mdogo alipochumbiwa, Baba alisema atampeleka kanisani mwenyewe kwa gari lake. Nikaona hapo nafasi yangu imefika. Niliagiza rimu nne mpya za aluminiamu, zinazong'aa, ili siku ya arusi gari lionekane. Baba alipoziona alizigusa na kusema, "Hizi ni nzuri." Maneno matatu. Nilitembea nayo siku nzima.

Rimu zile zilikuwa nene kuliko za chuma zilizokuja na gari, kwa hiyo zilihitaji bolti ndefu zaidi. Nilikuwa nazo ishirini kwenye kabati langu, unene sawa, nyuzi sawa, urefu sawa. Alhamisi kabla ya arusi nilikuwa nimepiga magoti nikikaza ya mwisho, nilipoona kivuli kimesimama karibu nami. Ilikuwa Mama Bolti. Alikuwa amevuka barabara, bado anahema.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, ili mafundi wengine wasisikie. "Hizo rimu ni za funeli. Hiyo bolti ni ya yai."

"Nimekaza mpaka spana ikalia, Mama."

"Spana inalia kwa sababu bolti imebana. Bado haijakaa. Yai ndani ya funeli inagusa mahali padogo tu. Ikitembea, inalegea."

Nilijua. Nataka hilo lieleweke. Mara tu aliposema, nilijua kwamba ni kweli, nililisoma chuoni, nililijibu hata kwenye mtihani. Lakini nilikuwa nimepiga magoti na yeye amesimama.

"Niko na za funeli ndefu, ziko ishirini kamili," akasema. "Nikuletee?"

"Mama, hii ni gari ya baba yangu."

Alinitazama. "Ndiyo maana nimevuka," akasema. Akangoja kidogo. Nilipoendelea kufuta rimu kwa kitambaa, aligeuka, akangoja barabara iwe tupu, akarudi kwake.

Jumamosi asubuhi Baba alitoka Plateau na dada yangu kiti cha nyuma, gauni lake limejaza gari mpaka madirishani. Mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma yao pamoja na mjomba. Tulipoanza kuteremka kilima kimoja niliona gurudumu la mbele la kushoto likiyumba. Kwanza nilidhani ni macho yangu. Baba naye alihisi, maana taa za breki ziliwaka na gari likaanza kwenda pembeni polepole. Hakuwa na mwendo mkubwa. Hilo ndilo lililowaokoa. Gurudumu lilichomoka, likatutangulia likibiringika barabarani, na gari la rangi ya maziwa likaketi kwenye chuma, likakwaruza lami, likaingia mtaroni.

Dada yangu alitoka bila hata mchubuko, ila gauni limelowa matope mpaka kiunoni. Baba alivunjika mfupa wa bega. Nilipomfikia alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja. "Mtoto yuko sawa?" aliuliza. Nikasema yuko sawa. Akafumba macho.

Walimfunga mkono hospitalini, naye akakataa kulazwa. Arusi ilifungwa alasiri badala ya asubuhi. Dada yangu alivaa gauni la kuazima, na Baba akamsindikiza akiwa ameubeba mkono wake kifuani kwa kitambaa cheupe. Mama Bolti alikuwepo, kwenye benchi la tatu. Baba ndiye aliyemwalika.

Baada ya chakula mjomba alisimama kati ya meza. Alikuwa na bolti moja iliyobaki, shingo yake imelika upande mmoja. Akaiinua.

"Nataka kujua," alisema. "Nani alichagua hii?"

Waliokuwa wakipakua chakula waliweka vijiko chini. Nikaona macho yakianza kunigeukia, moja baada ya jingine. Dada yangu pia alikuwa akinitazama. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mimi," Mama Bolti akasema. Alikuwa na sahani mkononi. "Mimi ndiye nilimpa. Nilichanganya. Mwalimu, unisamehe. Bibi arusi, unisamehe."

Baba alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Imepita. Tuendelee." Nami nikaufunga mdomo wangu.

Ungedhani nilishukuru. Usiku huo na siku zilizofuata nilihisi wivu mkali kuliko wote niliowahi kuuhisi. Nilingoja nione wateja wakimkimbia. Jumatatu walikuwa pale pale, wamepanga foleni na bolti zao kuukuu. Nilimsikia mmoja akisema, "Hata Mama anaweza kosea, ni binadamu." Walimpenda zaidi! Kosa ambalo lingenifungia gereji, yeye alilibeba kama kikapu cha mboga. Nilivuka barabara nikiwa na hasira.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna," alisema bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Sasa kwa nini?"

"Arusi ilikuwa ya dada yako. Sikutaka akikumbuka siku yake, akumbuke bolti zako." Akahesabu mishono, midomo ikitikisika. "Haikuwa juu yako, Fundi."

Hata hapo hakunipa nafasi ya kuwa sababu. Nilirudi kwangu, na kwa miezi minne sikumsalimia. Mwezi wa tano mteja aliniletea gari dogo la kizamani, lile lenye mgongo wa kobe na injini nyuma, likiwa na rimu za kuokoteza zisizofanana. Nilikaza bolti ya kwanza, nikashindwa kuendelea. Nikaibeba rimu begani, nikavuka.

Hakutabasamu, na hakusema chochote kuhusu yaliyopita. Aliniambia nifumbe macho. Akaniwekea bolti kiganjani. "Yai au funeli?" Nikakosea. Akanipa nyingine. Tulifanya hivyo wiki nzima, kila alasiri, mpaka kidole gumba changu kikaanza kuona. Alinifundisha kuingiza bolti kwa vidole kabla ya kushika spana, na kuhesabu inazunguka mara ngapi kabla ya kukaa. Alinifundisha kukaza bolti moja na kufuata ile ya upande wa pili wa rimu kila mara, kisha kukaza tena baada ya gari kutembea kidogo. Leo watu wanakuja kwangu kwa ajili ya bolti za magari ya kizamani, wengine kutoka mbali. Wananisifu. Na kila wanaponisifu nasikia kwamba maneno yao yalikusudiwa kwenda kwake.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Tuliendelea mpaka mwisho kwa "Kazi inaendelea?" na "Inaendelea." Sikumwambia. Nilipanga mara nyingi. Nilipomtembelea alipokuwa mgonjwa nilibeba maneno yale njia nzima, na nilipofika nilimuuliza kama amekula.

Muda mfupi baadaye Mama Bolti naye alifunga kibanda. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kuua vidole vyake. Alisema bolti zote zimekuwa laini. Alihamia kwa binti yake, huko Yamumbi. Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilipanda boda boda kwenda kumwona. Nilikuwa nimeamua kwamba, ikiwa sikumwambia Baba, basi angalau nimwambie mtu anayejua.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, mahindi yameanikwa kwenye turubai mbele yake, akiwafukuza kuku kwa fimbo. Alikuwa amepungua. Sweta ya juu ilikuwa ya dukani.

"Fundi! Karibu. Kaa, lakini usikanyage mahindi."

Nilikaa. Niliyasema yote kwa mkupuo mmoja: kwamba nilijua Alhamisi ile, kwamba nilimwacha abebe, kwamba Baba amekufa akidhani ni yeye.

Alimtupia kuku fimbo. "Mwalimu alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Hiyo wiki ya arusi iliisha, Jumanne akanijia, mkono bado umefungwa. Akaniuliza, 'Mama, wewe unaweza changanya yai na funeli?' Mimi nikanyamaza. Akasema, 'Basi, nimeelewa.'"

Nilitazama mahindi. "Mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia akuulize. Akasema hapana, utakuja mwenyewe kumwambia. Alikuwa anangoja, Fundi. Kila akija mjini alikuwa anangoja. Sasa kama hujasema kitu, anavuka anakuja kwangu."

"Kuongea nini?"

Mama Bolti alinigeukia kwa mshangao wa kweli, kama mteja amemuuliza bolti ni nini.

"Wewe, sasa. Tungeongea nini ingine? Alikuwa anasema, 'Mwangalie huyo kijana akisikiliza injini. Anainamisha kichwa. Mimi nilifundisha watoto miaka thelathini, na sijaona mtoto akisikiliza kitu namna hiyo.' Akirudi mwezi ujao, anasema tena ile ile. Nikamwambia, 'Mwalimu, si uvuke umwambie?' Akasema ataanzia wapi."

Nilimtazama mama yule mwenye vidole vilivyokufa, na wivu ukanipanda kama siku ya kwanza, mkubwa kuliko wa wateja, kuliko wa mke wangu na sweta za watoto. Maneno yale yalikuwa yangu, na mwezi baada ya mwezi masikio yaliyoyapata yalikuwa yake.

"Sema tena," nilimwambia.

"Nini?"

"Vile alisema. Sema tena, Mama."

Aliweka mikono mapajani, akatazama mbali kidogo, akayasema tena tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ya Baba. Alipofika katikati akakohoa kikohozi kidogo kikavu, pale pale ambapo Baba angekohoa, kisha akaendelea. Alikuwa nacho hata kikohozi. Nami nikavuta kiti changu karibu, kando ya mahindi, nikamwomba arudie.